Kivoi wa Mwendwa: tajiri wa Kitui, mlima wa mbuni na binamu zetu wa Japani

Taja jina Kivoi mbele ya vijana wa Nairobi na wengi watakumbuka sentensi moja tu kutoka kitabu cha Historia na Serikali: alimwonyesha Krapf Mlima Kenya. Basi. Mwalimu anageuza ukurasa, mnaendelea na wamishonari, na mzee wa watu anabaki pale nyuma kama bawabu aliyemwelekeza mgeni choo kiko wapi. Mimi naona hiyo ni dharau. Kivoi hakuwa bawabu wa mtu. Alikuwa bosi. Alikuwa na mali, wafuasi, watumwa, jina lililojulikana kutoka Kitui hadi Mombasa, na maadui wa kutosha kummaliza.

Tuanze na kitu kidogo kinachochanganya watu. Mitandaoni utaona anaitwa Chifu Kivoi. Sawa, lakini usifikirie chifu wa kofia na fimbo, yule wa baraza la kila wiki. Mwaka 1849 hakukuwa na serikali ya mkoloni Kitui wala mahali popote bara, na Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na wazee wa utui, yaani kijiji na majirani zake. Mtu alikuwa mkubwa kwa sababu watu walimfuata, na walimfuata kwa sababu aliwalisha, aliwalinda na aliwapatia biashara. Ukuu wa Kivoi ulitoka hapo. Pia usimchanganye na ile familia maarufu ya Mwendwa ya Kitui, ya Chifu Mwendwa Kitavi na mwanawe Kitili Mwendwa, ambaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 1968. Mwendwa kwa Kikamba ni mpendwa tu. Ni jina la mtu, si la ukoo. Wapendwa ni wengi.

Sasa biashara. Ukambani ni nchi ya mvua ya kubahatisha. Yeyote mwenye shamba Mutomo au Kathonzweni anajua hadithi: unapanda, unaangalia juu, hakuna kitu. Zamani njaa ikiingia, watu walitoka kwenda kwa majirani kutafuta chakula, na safari hiyo ilikuwa na jina lake, kuthuua. Ulienda na mishale, vyungu, mnyororo au dawa, ukarudi na nafaka. Ukienda mara tano unajua njia, ukienda mara kumi unajua watu, na mwishowe wewe ndiye mfanyabiashara. Kufikia miaka ya 1840 Wakamba walikuwa wameshika njia ya pembe za ndovu kutoka maeneo ya Mlima Kenya na mto Tana hadi pwani. Msafara mmoja uliweza kuwa na watu 300 hadi 400. Waliteremka Mombasa na pembe, wakarudi na vitambaa, shanga, chumvi na waya za shaba. Wawindaji wao walitumia mishale yenye sumu, na ndovu walikuwa tele.

Hapo ndipo Kivoi alipojipatia ukubwa. Alifika Uchaga akauona mlima mweupe wa kule, Kilimanjaro. Alifika upande wa Kikuyu na Embu. Alifika Mombasa. Fikiria ramani ya kichwa chake: milima miwili yenye theluji, mito, makabila, bei za pembe, nani ni rafiki na nani atakuvizia usiku. Na yote hayo bila karatasi. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili huwa napenda sana watu wa aina hii, lakini sitaki kumfanya mtakatifu. Alikuwa na watumwa, na watumwa hao ndio waliobeba mizigo na kulima mashamba yake. Mtu akikusimulia Kivoi shujaa bila kutaja hilo, anakuuzia nusu ya bidhaa.

Mwishoni mwa Novemba 1849 akapata mgeni. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akazika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameona Kilimanjaro mwezi Mei 1848 na kuandika kwamba juu yake kuna theluji. Huko London kulikuwa na msomi wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto za mmishonari. Wasee wa kubishana wakiwa nyuma ya meza hawakuanza na intaneti.

Krapf alipanda kutoka Rabai, akapita Taru na Tsavo, akaingia Kikumbulyu, ambayo leo ni sehemu ya Kibwezi, kaunti ya Makueni, kisha akaendelea hadi Kitui kwa Kivoi. Mwenyeji wake alimwambia kwamba mbali na ule mlima wa Uchaga kuna mwingine, safari ya siku kadhaa kutoka kwake, na kwamba hewa ikiwa safi unaonekana kutoka Kitui. Tatizo ni kwamba ilikuwa msimu wa mvua na mawingu yalikuwa yamefunga. Krapf akasubiri. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa kwenye mwinuko karibu na Kitui, mawingu yakafunguka kwa muda mfupi na akaona vilele viwili vimesimama kama pembe. Leo tunaviita Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Kati ya hapo na Kitui ni zaidi ya kilomita 140.

Jina aliloandika Krapf lilitoka mdomoni mwa Wakamba. Wao waliuita Kĩĩ-Nyaa, mlima wa mbuni, kwa maana ule weusi wa mwamba na weupe wa theluji unafanana na manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu wana jina lao, Kĩrĩnyaga, na mjadala wa nani alianza nawaachia wazee. Ila jambo moja halina ubishi: umbo la neno lililofika kwenye ramani za Ulaya lilipitia sikio la Mjerumani aliyekuwa Kitui, akisikiliza Kikamba. Joseph Thomson alithibitisha mlima huo mwaka 1883, na mwaka 1920 Waingereza walipobadilisha hadhi ya nchi hii kuwa koloni, wakaiita jina la mlima. Kitambulisho chako kina Kikamba ndani yake, ndugu yangu, hata kama kwenu ni Lodwar.

Hapo kwenye jina la baba, wa Mwendwa, nataka tusimame kidogo, kwa sababu siku hizi vijana wamependa vipimo vya DNA. Unatema mate kwenye chupa, unatuma, unalipa pesa nyingi, unarudishiwa ramani yenye rangi. Na wanaume hurudishiwa pia herufi ya ukoo wa baba. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba herufi hiyo inaweza kukupeleka Japani.

Iko hivi. Mwanamume ana kromosomu ya Y, na anaipata kwa baba yake peke yake, ambaye aliipata kwa baba yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. Mara moja moja kunatokea kosa dogo la kunakili, na kosa hilo linabaki kama alama kwa wote wanaofuata. Wanasayansi wamepanga alama hizo kama mti wenye matawi, na kila tawi wanaliita haplogrupu. Wanaume wengi sana wa Afrika wako tawi la E, na hata Ukambani ndilo tawi kubwa, kwa sababu lugha za Kibantu zilienea kutoka mpaka wa Nigeria na Kameruni kuanzia miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na wanaume wa E walienda nazo. Mtu kama Kivoi, Mkamba wa Kitui mwenye baba Mkamba, uwezekano mkubwa ni kwamba alibeba E.

Sasa tawi la E lina ndugu mmoja tu wa tumbo moja, tawi la D. Huyo D yuko wapi? Tibet. Visiwa vya Andaman kwenye bahari ya Hindi. Na Japani, ambapo karibu theluthi moja ya wanaume wanalo, huku Waainu wa kaskazini na watu wa Okinawa wakiwa nalo kwa wingi zaidi. Kule lilifika na watu wa Jomon, wawindaji na wavuvi walioishi kwenye visiwa vile na kufinyanga vyungu zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Jomon maana yake ni alama za kamba, kwa sababu walikuwa wakibonyeza kamba kwenye udongo mbichi kupamba chungu. Baadaye, chini ya miaka 3,000 iliyopita, wakaja wakulima wa mpunga kutoka bara la Asia wakachanganyika nao, lakini ukoo wa baba wa Jomon haukufutika.

Kwa hiyo mwindaji wa Jomon na mwindaji wa ndovu wa Kitui, ukifuata baba peke yake, ni karibu kuliko Mjapani yule na Mchina jirani yake mwenye tawi la O. Nikiisoma mara ya kwanza nilidhani ni utani, kama ule wa kutaja Nakamura na Mutinda harakaharaka uone kama mtu atajua yupi ni wa Osaka na yupi ni wa Mwingi. Lakini si utani. Kufanana kwa majina hakuna maana yoyote, ni vile tu lugha zote mbili zinapenda kumaliza silabi kwa irabu. Alama kwenye Y ndizo zenye uzito.

Baba wa D na E wote wawili aliishi zaidi ya miaka 70,000 iliyopita. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama aliishi Afrika au Asia. Mwaka 2003 kulitokea habari ya wanaume watano wa Nigeria waliokuwa na ukoo usiokaa kwa E wala kwa D wa Asia, kitu adimu kabisa. Mwaka 2019 wanaume watatu wa Nigeria walichunguzwa kwa kina zaidi, ikaonekana wako kwenye tawi la zamani sana upande wa D, lililoachana na wale wa Asia zamani mno. Hiyo iliegemeza mzani upande wa Afrika. Maana yake ndugu wawili walikuwa hapa, kizazi cha mmoja kikavuka kwenda hadi kisiwa cha mwisho cha mashariki, kizazi cha mwingine kikabaki kujaza bara.

Kabla hujabadilisha jina uitwe Takeshi, hesabu kwanza. Wewe una wazazi 2, mababu na nyanya 4, wakuu wao 8. Ukirudi vizazi 10 nafasi ni 1,024, na Y inamwakilisha mmoja tu kati ya hao. Wengine 1,023, wakiwemo wanawake wote, haiwasemi. Ni kamba moja nyembamba kwenye kikapu kizima.

Na Wakamba wenyewe wana hesabu nyingine kabisa ya asili yao. Wanasema Mulungu alimshusha mwanamume wa kwanza na mkewe kwenye mwamba wa Nzaui, huko Makueni, na nyayo zao zinaonyeshwa juu ya jiwe mpaka leo. Masimulizi mengine yanawatoa upande wa Kilimanjaro, wakapanda hadi vilima vya Mbooni, ambako kulikuwa na maji na usalama, na kutoka Mbooni wengine wakavuka mto Athi kwenda Kitui. Kwa hiyo ukimfuata Kivoi nyuma kwa mdomo wa wazee, unafika Makueni. Watu wa Wote na watu wa Kitui mjini wanaotaniana kila siku nani ni Mkamba halisi, mlango wa nyuma wa nyumba zenu ni mmoja.

Ukoo kwa Kikamba ni mbaĩ. Atangwa, Aombe, Amutei, Anzauni na wengine, kama ishirini na zaidi. Unaupata kwa baba, na hauoi ndani yake. Lakini je, baba ni nani? Hapa ndipo Y na mbaĩ wanapogombana. Ukambani kuna desturi ya iweto. Mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume, au hakupata mtoto kabisa, anaweza kulipa mahari na kuoa msichana. Msichana huyo anazaa na mwanamume mwingine, na watoto wanaandikwa nyumba ya yule mama aliyeoa, ukoo wa mumewe, hata kama mume alishakufa zamani. Mtoto wa iweto ni mwana kamili wa mbaĩ hiyo. Kromosomu yake ya Y imetoka kwingine. Ongeza watoto waliopelekwa kwa majirani wakati wa njaa kubwa ili wapate kula, na wale waliotekwa vitani wakalelewa kama wa nyumbani. Ongeza pia watumwa wa watu kama Kivoi, ambao vizazi vyao havikuyeyuka hewani. Walioa, walizaa, wakapata ukoo.

Sisemi haya kwa kupiga porojo. Kuna vijana leo wanaambiwa shamba si lao kwa sababu mama yao aliolewa na mwanamke. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubali ndoa ya namna hiyo, kwa kesi ya urithi ya jamii ya Wanandi, na kumtambua mke pamoja na watoto wake kama warithi. Sasa ile chupa ya mate ikiingia kwenye kikao cha ukoo, nani atamshika mjomba mkono akisema kipimo kinaonyesha huyu si damu yetu? Wazee waliotunga iweto walijua vizuri kabisa watoto wanatoka wapi. Waliamua kwamba anayelipa mahari na kulea ndiye mwenye mtoto. Binafsi nawaunga mkono.

Turudi kwa mzee, maana siku zake zilikuwa zimebaki chache.

Julai 1851 Krapf aliondoka Rabai tena, safari hii akitaka kuanzisha kituo cha misheni Yatta. Mambo yakamwendea vibaya, wapagazi wakamwacha, akaenda Kitui kwa rafiki yake. Kivoi alikuwa anapanga msafara wa kwenda ng'ambo ya Tana kwa ajili ya pembe. Krapf alitaka kuuona mto huo na kujua unaelekea wapi. Kila mmoja alikuwa na lake, wakatoka pamoja mwezi Agosti.

Hawakufika mbali na mto. Karibu na Tana walivamiwa na kundi kubwa lenye silaha. Msafara ulikuwa umetawanyika njiani, kama misafara inavyokuwa, wengine mbele na wengine nyuma. Kukawa na kelele, mishale, watu wakakimbilia vichakani. Kivoi akauawa papo hapo pamoja na watu waliokuwa karibu naye. Aliyekuwa na ramani ya nchi nzima kichwani alikufa kwenye njia aliyoijua.

Krapf alibaki peke yake porini. Kiu ilimpeleka hadi mto Tana, akanywa, na kwa kukosa chombo akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki. Ya kwenye mitutu yakamwagika njiani. Alitembea usiku, akajificha mchana, akala majani na chochote alichoweza kumeza. Vitabu vingi vinakaza sana hapo kwa sababu ndiye aliyeandika. Mimi nataka kuangalia upande ule mwingine, kijijini, siku habari zilipofika.

Waliondoka wengi na mkubwa wao. Sasa wanarudi mmoja mmoja, wamekonda, na kati ya waliorudi salama yuko yule mgeni mweupe. Jamaa za Kivoi walikasirika. Kwao, mtu uliyekula naye na kusafiri naye kama rafiki, akiuawa mbele yako, ulipaswa kumwokoa au kufa naye. Huyu mzungu alisifika kuwa na uwezo wa ajabu, mbona hakuutumia? Krapf alisikia kwamba wanataka kumuua. Akatoroka usiku, akateseka njiani mara ya pili, akafika Yatta na hatimaye Rabai. Mpango wa misheni Ukambani ukafa hapo, na mwaka 1853 akaondoka pwani kwa sababu ya afya yake. Pwani wanamkumbuka vizuri: kuna makumbusho yenye jina lake Rabai, na mnara Nyali karibu na kaburi la mkewe.

Biashara ya Wakamba haikuanguka siku Kivoi alipoanguka, lakini miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walianza kupanda bara wenyewe badala ya kusubiri pembe Mombasa, na ndovu wa karibu walikuwa wamepungua. Waliobaki Kitui walirudi kwenye mashamba na ng'ombe, na kuthuua mvua ilipokataa. Na mlima bado uko pale. Nenda Kitui asubuhi baada ya mvua, kabla jua halijapanda, upande mahali pa juu, uangalie kaskazini magharibi. Ukiwa na bahati kama ya Krapf utaona pembe mbili.